Senti ya Shaba ya Mwaka 1943



Kwa wazee wengine wa Katanga, wa Kivu na wa Maniema huenda bado iko, chini kabisa ya sanduku, sarafu moja ya pembe sita yenye picha ya tembo. Ni franka 2 za Kongo ya Wabelgiji, za mwaka 1943. Madini yake ni shaba ya njano. Wengi walioitumia sokoni walifikiri ya kuwa imetoka Bruxelles kama fedha zilizoitangulia. Sivyo. Mwaka ule Ubelgiji ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, wala viwanda vyake havikuweza kuifanyia Kongo kazi. Sarafu ile ilipigwa chapa ng'ambo ya bahari, katika mji wa Philadelphia, kwenye kiwanda cha fedha cha serikali ya Marekani.

Nataka kuwaeleza habari za kiwanda hicho, maana mwaka uleule kilifanya jambo la ajabu na fedha ya kwao wenyewe, ile ndogo kuliko zote, yaani senti moja. Kwa sababu ya jambo hilo ziko leo senti za Marekani zinazouzwa kwa bei ya nyumba, na ziko nyingine zinazofanana nazo kabisa machoni, zisizoweza kununua hata kiberiti. Kati ya hizi na zile jicho peke yake hudanganyika. Linaloamua ni uzito na madini.

Tuanze na uzito. Senti ya kwanza ya Marekani ilipigwa Philadelphia mwaka 1793. Ilikuwa shaba nyekundu tupu, pana na nzito, gramu 13,48. Mwaka 1795 ilipunguzwa ikawa gramu 10,89. Mwaka 1857 ikafanywa ndogo, sehemu 88 kwa mia shaba na 12 nikeli, gramu 4,67. Mwaka 1864 nikeli ikaachwa, ikaja bronzi: shaba 95 kwa mia, na zile 5 zilizobaki bati na zinki. Uzito wake ukawa gramu 3,11. Basi mwaka ule wa 1864 zilitoka senti za namna mbili, picha moja na tarehe moja, ya kwanza nene na yenye weupe kidogo, ya pili nyembamba na nyekundu. Mwenye mizani hana haja ya kuuliza ipi ni ipi.

Gramu 3,11: kipimo hiki kikumbukeni, maana kilidumu zaidi ya miaka mia. Mwaka 1909, ulipotimia mwaka wa 100 tangu kuzaliwa kwake Rais Abraham Lincoln, uso wake uliwekwa juu ya senti, kazi ya mchongaji Victor David Brenner. Sura ilibadilika, uzito haukubadilika.

Vita na shaba

Desemba 1941 Marekani iliingia vitani. Tangu hapo shaba ilitafutwa kama chakula wakati wa njaa. Ganda la risasi ni shaba ya njano. Waya wa simu na wa umeme ni shaba nyekundu. Shaba yetu ya Katanga nayo ilikwenda vitani, kwa kuwa mwaka 1941 Waingereza walifanya mapatano ya kuinunua. Na bati? Mwanzo wa mwaka 1942 Wajapani waliteka Malaya, nchi iliyotoa bati kupita nchi nyingine zote. Hapo bati la Manono na la Maniema likatakiwa mno, na watu wa vijiji walilazimishwa kulichimba au kuwalimia waliolichimba. Wazee waliotuachia habari za kazi za lazima za miaka ile hawakuzisifu hata kidogo.

Wamarekani wakajiuliza: je, yafaa kutumia maelfu ya tani za shaba kwa senti, ambayo ni fedha ya kununulia pipi? Mwaka 1942 kiwanda kilijaribisha vitu vingi, hata plastiki, hata kioo. Mwishowe, kwa sheria ya Desemba 1942, walichagua chuma cha pua kilichopakwa zinki nyembamba juu yake. Mwaka 1943 viwanda vitatu, cha Philadelphia, cha Denver na cha San Francisco, vilipiga senti za chuma zaidi ya milioni elfu moja. Zile za Denver zina herufi D chini ya tarehe, zile za San Francisco zina S, zile za Philadelphia hazina herufi. Uzito wake mwanzoni ulikuwa gramu 2,69, baadaye 2,75.

Watu hawakuzipenda. Zikiwa mpya ziling'aa kama fedha nyeupe, hata wauza duka walizipokea kama sarafu ya senti kumi, wakapata hasara ya senti tisa kila mara. Mashine za kuuzia vitu zilizitema, kwa sababu sumaku iliyowekwa ndani kuzuia vyuma vya wezi ilizinasa. Tena vipande vilikatwa kutoka katika bamba lililokwisha kupakwa zinki, kwa hiyo ukingo ulibaki chuma kitupu. Jasho la mkono likitosha, kutu ikaanza. Mwaka 1944 wakarudia shaba.

Lakini ziko chache za shaba

Kumbe, katika senti za 1943, chache sana zilitoka za bronzi. Wataalamu hufikiri hivi: vipande vitupu vya bronzi, visivyopigwa chapa bado, vilibaki mwisho wa 1942 vimekwama katika pembe za makasha makubwa yanayopeleka vipande kwenye mashine. Kazi ya 1943 ilipoanza, makasha yakajazwa chuma, na vile vilivyokwama vikaachia kimoja kimoja. Mashine haina macho. Ilipiga chapa ya 1943 juu ya bronzi kama ilivyopiga juu ya chuma. Zinazojulikana leo, za viwanda vyote vitatu pamoja, hazifiki thelathini. Ya Denver inajulikana moja tu, nayo iliuzwa mwaka 2010 kwa dola milioni 1,7.

Mwaka 1947 mwanafunzi mmoja wa Massachusetts alirudishiwa senti ya shaba ya 1943 katika chenji ya chakula shuleni. Siku zile uvumi ulienea pote ya kuwa Henry Ford, mtengenezaji wa magari, atampa gari jipya mtu yeyote atakayemletea senti ya namna hiyo. Kijana akauliza. Habari ya gari ilikuwa uongo. Na serikali nayo ilimjibu ya kuwa mwaka 1943 hazikupigwa senti za shaba, zote zilikuwa za chuma. Wengine wengi walipewa jibu lilelile. Mimi siwashitaki makarani wale kwa uongo. Daftari lao liliandika yaliyoamriwa, wala halikujua kipande kilichokwama katika pembe ya kasha. Lakini fikirini: wangapi walilisoma jibu lile wakaitupa senti yao sokoni? Kijana yule hakuitupa. Aliitunza miaka sabini, na baada ya kufa kwake iliuzwa mwaka 2019 kwa dola elfu 204.

Penye bei namna hiyo wadanganyifu hawakosekani. Njia yao ya kwanza ni rahisi: wanachukua senti ya chuma ya 1943, ambayo ni ya bei ndogo, wanaipaka shaba kwa umeme. Machoni inapendeza. Ileteni sumaku karibu, itaruka na kushikwa, na hapo shauri limekwisha. Ukiwa na mizani utaona gramu 2,7 na kitu, pahali pa 3,11.

Hapo msomaji ataniuliza: kwa nini uzito una ushuhuda wa nguvu hivyo? Sababu ni hii. Senti zote hizi zina upana uleule wa milimita 19, na unene ni karibu uleule, kwa kuwa zote hupigwa na mashine za namna moja. Ni kama kikombe kimoja ulichokijaza unga leo na mchanga kesho. Kikombe hakikukua, lakini mkono unajua. Shaba ni nzito kuliko maji mara 8,9, chuma cha pua mara 7,8, zinki mara 7,1, alumini mara 2,7 tu. Kwa hiyo mtu hawezi kuweka madini mengine katika umbo lilelile na kuupata uzito uleule. Akitaka uzito, sharti aongeze unene. Akishika unene, uzito unamponyoka. Na kuchakaa hakuharibu hesabu sana: senti ya bronzi iliyotembea mikononi miaka mingi hupungua kidogo, lakini haishuki mpaka kwenye uzito wa chuma.

Asiyeridhika na aipime majini, kama alivyofundisha Archimedes. Ning'iniza senti kwa uzi mwembamba chini ya mkono wa mizani, uipime hewani, kisha uitose yote katika kikombe cha maji bila kugusa chini wala kando. Mizani itaonyesha upungufu wa gramu 0,35 hivi. Gawanya uzito wa hewani kwa upungufu huo. Ukipata karibu 8,9 una shaba. Ukipata karibu 7,8 una chuma. Mizani ya muuza mkaa haifai kazi hii. Yatakiwa mizani ya sonara au ya mfamasia, inayoonyesha sehemu ya mia ya gramu.

Lakini msiiamini mizani kupita kiasi. Wako wadanganyifu wa njia ya pili. Hawa huchukua senti ya 1948, ambayo ni bronzi ya kweli, wakaikata tarakimu 8 upande wa kushoto mpaka ionekane 3. Sumaku haiishiki. Mizani inasema 3,11. Majini inajibu kama shaba, maana ni shaba kweli. Kinachowaumbua ni kioo cha kukuzia: katika senti halali ya 1943 mkia wa ile 3 ni mrefu, unashuka chini ya mstari wa tarakimu nyingine, wala 8 iliyokatwa haiwezi kuotesha mkia. Na penye shaka kubwa, maabara hutumia mashine ya miale ya X. Miale ikiipiga sarafu, kila madini hurudisha mwale wake wenyewe, ndipo mtaalamu anasoma shaba ni ngapi kwa mia, zinki ngapi, bati ngapi, bila kuikwaruza sarafu.

Mwaka 1944, na franka 2 za Ubelgiji

Mwaka uliofuata kosa liligeuka. Amri sasa ilisema bronzi, na senti chache zikatoka za chuma zenye tarehe 1944. Hizi nazo ni adimu sana, hata hamsini hazifiki. Zilitoka wapi? Hapo tunarudi karibu na kwetu. Mwaka ule wa 1944 kiwanda cha Philadelphia kilipiga franka 2 kwa ajili ya Ubelgiji iliyokuwa inakombolewa, sarafu milioni 25. Vipande vilivyotumika vilikuwa vilevile vya senti za chuma: milimita 19, gramu 2,75, zinki juu, chuma ndani. Mbelgiji aliyenunua mkate kwa franka 2 hizo alikuwa ameshika, bila kujua, mwili wa senti ya Marekani uliovikwa nguo ya nchi yake. Wataalamu wengine husema senti za chuma za 1944 zilizotoka Philadelphia ni vipande vya kazi hii ya Wabelgiji vilivyopotea njia katika kiwanda. Wengine husema ni masalio ya 1943 tu. Mimi naona hoja zote mbili zinafaa, na vipande vyenyewe havina jina.

Kwa senti hizo kipimo kinageuka nacho. Senti ya kawaida ya 1944 ikipakwa zinki huwa nyeupe kama chuma, lakini sumaku haiitaki. Ile ya kweli lazima ishikwe. Wenye haraka hulisahau jambo hili, wakafikiri sumaku ni adui wa sarafu njema siku zote. Sumaku si adui wala rafiki, hujibu ulilouliza.

Na liko jambo ambalo mizani haiwezi kulijua kabisa. Toka 1944 mpaka 1946 sehemu ya shaba ya senti ilitoka katika maganda ya risasi yaliyookotwa na kuyeyushwa. Bati halikuwamo tena, ila shaba 95 na zinki 5. Uzito ulibaki gramu 3,11. Hapo mashine ya miale peke yake ndiyo inayotofautisha.

Sasa turuke miaka. Mwaka 1973 shaba ilipanda bei tena, kiwanda kikajaribu alumini. Senti zaidi ya milioni moja na nusu zilipigwa zikiwa na tarehe ya 1974, nyepesi kama jani, gramu 0,93 hivi. Nyingine walionyeshwa wajumbe wa bunge. Wenye mashine za kuuzia vitu wakakataa. Madaktari wa watoto nao wakakataa, na hoja yao naiona nzito kuliko zote: mtoto akimeza senti ya alumini, picha ya miale ya X haiionyeshi vizuri. Zikarudishwa kuyeyushwa, ingawa kuna zilizopotea mifukoni mwa wakubwa. Serikali haikubali mtu azimiliki. Moja iliyotokeza mwaka 2014 ilirudishwa kiwandani mwaka 2016.

Mwaka 1982

Badiliko kubwa lilikuja 1982. Katikati ya mwaka mmoja bronzi ikaachwa, ikaja zinki iliyovikwa ngozi ya shaba: zinki 97,5 kwa mia, shaba 2,5 tu. Uzito ukashuka toka gramu 3,11 mpaka 2,5. Rangi ni moja, picha moja, tarehe moja. Mtu anaweza kuzitazama kutwa nzima asione lolote. Tena mwaka uleule tarakimu za tarehe zilichongwa kwa namna mbili, kubwa na ndogo, na senti za sokoni zilikuwa ama bila herufi ya kiwanda, ama na D ya Denver. Ukichanganya madini, tarakimu na viwanda utapata namna nane kwa hesabu. Lakini zilizojulikana zilikuwa saba. Ile ya nane, ya Denver, tarakimu ndogo, bronzi, kila kitabu kilisema haiko.

Mwaka 2016 ikaonekana. Aliyeiona hakuwa na ujuzi wa uchawi: alipima senti zake moja moja, na moja kati ya zile za Denver zenye tarakimu ndogo ikaonyesha gramu 3,1 pahali pa 2,5. Mwaka wa 1983 nao una yake: kazi ilikuwa yote ya zinki, lakini senti chache sana za bronzi zenye tarehe hiyo zimepatikana, nazo zilijulikana kwa uzito. Sababu ni ileile ya 1943. Makasha yana pembe, na vipande vya jana hujificha humo.

Mimi mwenyewe niliachiwa senti tatu na mgeni aliyepita kwetu. Nikaenda nazo kwa mfamasia jirani, akanicheka, lakini mizani akanipa. Ya 1975 ilionyesha 3,09. Ya 1982 ikaonyesha 2,51, na ya 1996 ikaonyesha 2,49. Hakuna utajiri. Nyumbani watoto walitaka kuona nao, basi tukalaza rula juu ya kalamu, tukaweka ya 1975 huku na ya 1982 kule. Rula ikainama upande wa 1975 mara moja. Kisha tukaziangusha juu ya saruji: ile ya bronzi ililia kama kengele ndogo, ile ya zinki ikasema "pwa" ikanyamaza. Mtoto wa miaka saba alizitambua akiwa amefumba macho, mara sita kwa sita.

Siku hizi hata zinki imekuwa ghali. Katika mwaka wa hesabu wa 2024 senti moja iliigharimu serikali ya Marekani senti 3,69. Novemba 2025 senti za mwisho za kutumika sokoni zilipigwa, palepale Philadelphia. Zilizoko bado ni fedha halali, na tangu mwisho wa 2006 sheria ya Marekani imekataza kuziyeyusha kwa ajili ya shaba yake. Lakini kuzipima hakukatazwi, na huko Marekani watu wengi wanamwaga mitungi ya babu zao mezani na kuweka mizani kando.

Na sisi je? Kwetu hakuna senti za 1943 za kutafuta, lakini jambo la namna hii liko mlangoni. Mwaka 1961, Katanga ilipojitenga, ilipiga sarafu zake za franka 5, ndizi upande mmoja na msalaba wa shaba upande wa pili. Za kutumika sokoni zilikuwa bronzi, gramu 6 na nusu. Lakini kwa picha ileile na upana uleule, milimita 26, zilipigwa nyingine za dhahabu, dhahabu 90 kwa mia, nazo zina gramu 13,33. Bronzi iliyosuguliwa kwa majivu na ndimu hung'aa vilevile. Mtu akija kukuuzia franka 5 "ya dhahabu" ya Katanga, usianze kubishana naye juu ya rangi. Mwombe mkaonane kwa sonara, na kabla ya kutaja bei iwekeni juu ya mizani. Isipofika gramu 13, mrudishie.